Mtutu Uliokufa

Shambani, 6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mkaza mjomba goti lake limempa nafuu. Sisi huku hatujambo, ila mjukuu wako ana kikohozi ambacho hakiishi tangu mvua zianze, na shuleni wamemwanzishia miwani. Wenzake wanamwita Daktari. Jina kalipenda, na sasa kila nikitoka kazini ananifunga kamba ya kiatu mkononi anasema ananipima presha. Kimya, mfuatiliaji nyayo wangu, naye anakusalimu. Nilishakueleza kwamba tulimpa jina hilo kwa sababu hanyamazi hata akiwa amejaza chakula mdomoni.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Bunduki ya kituo chetu cha ulinzi wa mashamba imepoteza shabaha. Mwaka juzi risasi tano kwa hatua mia zilikaa ndani ya kiganja changu. Mwaka jana zikawa za kukaa kwenye sahani. Jumamosi iliyopita nimepiga tano kwenye karatasi, nikaona zimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe: moja juu, mbili kushoto, moja chini, na ya tano mpaka leo sijui ilikokwenda.

Usiseme siitunzi. Karatasi yako ya maagizo iko ukutani pale ghalani, imeanza kugeuka rangi, na ninaifuata neno kwa neno. Kila siku saa kumi mdeki wa chuma, ule ufito wa kusafishia, unaingia kwa mdomo wa mtutu mara thelathini, nimepiga sijapiga. Miaka sita sasa. Kimya husema mtutu ule unapigwa mswaki kuliko meno yake.

Wiki iliyopita nguruwe pori waliingia tena kwenye mahindi. Nilimlenga dume mmoja nyuma ya bega, risasi ikampata mguuni. Tulimfuata mpaka adhuhuri ndipo tukammaliza. Nguruwe mmoja aliyejeruhiwa ni hatari kuliko watano wazima, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Naomba mtutu mpya. Najua karakana yenu ya bunduki haibadilishi mtutu mpaka fundi mkuu atie sahihi kwamba wa zamani umekufa, na fundi mkuu ni wewe. Basi nisaidie utie.

Mpwa wako,
Jicho


Karakana, 1 Machi

Jicho mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kazi zimenifunika. Goti la mkaza mjomba wako linatabiri mvua kuliko redio, ila halikubali dawa. Yeye hajambo kwa mdomo, na hilo wewe unalijua. Mimi nahesabu miezi. Desemba nastaafu, na wakubwa wameanza kunong'ona habari ya sherehe na cheti cha kuwekwa kwenye fremu. Nimewaambia waniletee kiti cha kuegemea, cheti hakikaliwi.

Kuhusu bunduki, usinikasirikie nikikwambia kwamba mchagua jembe si mkulima. Nimeona walinzi wengi wanaolaumu mtutu, na kumbe mtutu hauna kosa. Kabla ya kumzika mtu lazima tuhakikishe hapumui. Fanya hivi. Kaza skrubu mbili zinazoshika kitako, moja ikilegea bunduki yote inacheza. Kisha badilisha risasi, chukua boksi la toleo jingine. Kisha egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, isiguse bega lako zaidi ya inavyobidi. Mwisho mpe mtu mwingine apige. Wewe ulikuwa na tabia ya kufumba jicho kabla ya mlio, ya mama yako hiyo, alikuwa akifumba macho hata akivunja yai. Niletee karatasi zote tuzione.

Mjomba wako


Shambani, 22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Kikohozi kimeisha, kimehamia kwangu. Daktari wetu mdogo ameniandikia dawa ya kulala na kutopika.

Nimefanya yote, kwa mpangilio ule ule. Skrubu zilikuwa zimekaza, nikazikaza tena mpaka bisibisi ikaniumiza kiganja. Risasi nimebadilisha maboksi mawili. Mifuko ya mchanga tulijaza mitatu, bunduki ikalala juu yake kama mgonjwa. Matokeo ni yale yale, risasi zimetawanyika sinia zima. Halafu nikampa Kimya. Huyu, kama unavyojua, hapigi kelele tu, anapiga na risasi vizuri. Zake zikatawanyika kuliko zangu, akakaa kimya dakika mbili nzima, nikaogopa.

Karatasi zote nimezifunga humu. Nimeandika tarehe, toleo la risasi na jina la aliyepiga. Sijafumba jicho, mjomba. Kimya alikaa pembeni akiniangalia uso badala ya shabaha, na anaweza kuapa.

Kuna jambo linanishangaza. Yule mlinzi wa kituo cha mtoni unamjua kwa uvivu. Bunduki yake na yangu zililetwa siku moja, ndani ya kreti moja. Yeye haisafishi mpaka apate habari kwamba mkaguzi yuko njiani. Nilikwenda kwake Jumapili, nikapiga tano kwa bunduki yake. Zote zimekaa kwenye kiganja. Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sijui nimwelekezee nani. Wewe fundi, nieleze hiyo imekaaje.

Mpwa wako,
Jicho


Karakana, 2 Mei

Jicho mwanangu,

Marahaba. Usihesabu siku zilizopita. Kwanza nilikuwa na homa, kisha mkaza mjomba wako akaanguka bafuni, hakuvunjika lakini amevunja ndoo na amani ya nyumba. Dada yake amekuja kutusaidia na sasa hatujui nani anamsaidia nani. Paa la jikoni linavuja. Jirani yule wa kushoto amenunua jenereta, basi hatusikilizani tena. Hayo ndiyo maisha yetu.

Karatasi zako zimefika. Umeziandika vizuri, nimejivunia mbele ya mafundi wenzangu. Mtutu ni kitu kigumu kupatikana, na kwenye kitabu chetu wa kwako umeandikwa kwamba unafaa. Kubadilisha neno kwenye kitabu hiki si kama kubadilisha shati. Lazima uandikwe umechakaa kwa sababu gani, na sababu hiyo isambazwe vituoni. Nakushauri uvumilie mpaka Januari. Hapo atakuwepo fundi mkuu mwingine, hana historia na mtu, ataandika anavyotaka.

Jambo moja. Kuanzia leo usisafishe tena kwa mdeki ule wa chuma kupitia mdomoni. Ikibidi, tumia kamba yenye kitambaa, uvute kutoka nyuma kwenda mbele, mara mbili tatu inatosha. Usiniulize sababu. Na karatasi ya ukutani iache hapo hapo ilipo.

Mjomba wako


Shambani, 19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mpe pole mkaza mjomba kwa kuanguka. Sisi hatujambo.

Umeniambia nisikuulize, kwa hiyo nilimuuliza mwingine. Hapa shambani tuna fundi wa kukereza vyuma, mzee mmoja mpole anayetengeneza vipuri vya matrekta. Nilimpelekea bunduki mchana, wakati wa kula. Hakuangalia ndani kwanza. Aliweka chakula chake pembeni, akachukua miwani ya kukuzia, akaangalia mdomo wa mtutu, akanipa miwani niangalie mwenyewe. Mdomo si duara tena. Upande mmoja umelika, mifereji ya ndani inayozungusha risasi imelainika pale pale inapotokea. Kisha akachukua risasi nzima, akaiingiza kichwa chini mdomoni. Ikazama mpaka shingo ya ganda. Tukakimbia mtoni na pikipiki yake, tukafanya hivyo hivyo kwa bunduki ya yule mvivu. Risasi ikakwama mapema, kikabaki kipande cha kichwa nje.

Akaniuliza, "Unausafishaje?"

Nikamwonyesha. Nikasukuma mdeki mara moja tu, akanishika mkono. Akasema, "Mama, umeukata mwenyewe. Chuma kwa chuma, kila siku upande ule ule. Nani alikufundisha hivi?"

Nilijifanya nafunga viatu, mjomba.

Nimehesabu. Thelathini kwa siku, miaka sita. Mvivu amepona kwa uvivu wake, na mimi mtiifu nimeua mtutu kwa utii. Na ile karatasi ndiyo iliyokupa ufundi mkuu, najua, nilikuwepo nyumbani siku uliyoleta barua ya kupandishwa cheo, ukanibeba juu ukanizungusha. Sikulaumu kwa kukosea, kila mtu hukosea. Lakini wewe ulishajua tangu karatasi zangu zilipofika, pengine tangu niliposema habari ya yule mvivu. Ulijua, ukaniambia nisubiri Januari.

Nataka neno moja tu kutoka kwako, na lifike haraka. Meneja amesema mahindi yanaanza kubeba na nisipotoka na bunduki nitamwaga unga, maana kitabu cha karakana kinasema inafaa. Ukimwandikia mstari mmoja kwamba mtutu umekufa, nitaifungia kabatini na hakuna atakayenigusa. Niandikie, nisitoke nayo. Basi.

Mpwa wako,
Jicho


Shambani, 11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Lori la barua limekuja mara mbili bila kitu kutoka kwako. Dereva anaapa barua yangu aliikabidhi mkononi mwako, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama. Nguruwe wanaingia kila alfajiri. Natoka nayo.

Jicho


Shambani, 3 Julai

Mjomba,

Kimya amefariki.

Nakuandikia yote ili usiseme hukuambiwa. Ilikuwa Jumanne, saa moja asubuhi, jua limeshatoka. Kimya alikuwa upande wa mfereji akigonga debe kuwatoa. Dume akatokea kwenye mahindi hatua sitini kutoka kwangu, amesimama ubavu, ametulia. Nafasi nzuri kama hiyo huipati mara mbili kwa mwaka. Kwa bunduki nzima ningemwangusha nikiwa napiga soga. Nililenga nyuma ya bega. Risasi ikampata nyuma kabisa, kwenye paja. Akageuka, hakuja kwangu, akaenda kwenye lile debe. Risasi ya pili ikapita juu yake. Ya tatu ilimwangusha, lakini alikuwa ameshamfikia.

Jino la nguruwe lilimchana Kimya paja kwa ndani. Nilifunga kanga yangu, nikafunga mkanda wa bunduki juu yake, nikaminya kwa magoti. Damu haikusikia. Tulimpandisha kwenye tela la trekta. Alisema njiani, alisema sana, kwamba nimwambie mkewe pazia la dukani amelipia tayari, na kwamba nisilie kwa sababu nikilia nakuwa mbaya wa sura. Kabla ya kufika zahanati akaacha kusema. Ndipo nikajua.

Wameunda kamati ya uchunguzi. Swali lao ni moja: kosa la bunduki au la mpigaji. Wameandika karakana kuomba maelezo yako. Mjomba, wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki. Hujawahi kuniacha njaa hata siku moja, na sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Sasa naomba. Waandikie ukweli. Kimya harudi, hilo nalijua, lakini mkewe ana haki ya kujua kilichomuua mumewe, na mimi nina haki ya kulala.

Jicho


Karakana, 13 Julai

Jicho mwanangu,

Pole. Pole sana. Nimesoma barua yako mbele ya mkaza mjomba wako na tumelia wote wawili. Wakati kama huu maneno hayatoshi, basi nisiyarundike.

Nimemtuma fundi mwenzangu na barua hii. Amekuja na mtutu mpya, nimeupima mimi mwenyewe mara tatu. Ataufunga hapo hapo kwenye karakana ya matrekta, hatachukua zaidi ya nusu siku. Wa zamani umkabidhi yeye, uufunge kwenye kitambaa chenye mafuta usipate kutu. Nautaka hapa mkononi mwangu, nikae nao mezani nikiandika maelezo yangu. Kamati wakiuliza, waambie uko kwa fundi mkuu, wataridhika.

Usimwambie mtu habari ya mdeki. Hayo niachie mimi. Niamini.

Mjomba wako


Shambani, 21 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Asante.

Mtutu mpya umefungwa. Nimepiga tano kwa hatua mia, zimekaa kwenye kiganja. Mtutu mpya umepatikana kwa siku kumi, mjomba. Mimi niliuomba miezi mitano.

Wa zamani nimempa mtu wako. Fundi wa vyuma alikuja mbio na mikono yake ina grisi, akanivuta pembeni akanikataza. Alisema, "Usitoe ushahidi ukaenda mahali usipouona. Uache hapa, wauone wote." Nikamwambia yeye hamjui mjomba wangu. Nikamwambia mjomba wangu anauchukua ili aseme. Alinitazama, akafuta mikono, akarudi kazini kwake.

Mazishi yalikuwa na watu wengi. Nusu yao Kimya alikuwa amewatania mpaka wakawa na ugomvi naye, na wote walikuja. Nasubiri maelezo yako. Tunasubiri wote.

Mpwa wako,
Jicho


Karakana, 30 Agosti

Mwanangu,

Natumaini mnaendelea vizuri. Hapa hatujambo, mkaza mjomba wako anatembea kwa fimbo. Paa tumeziba.

Maelezo nimeyatuma. Utasikia yakisomwa, nami nimeona ni heri usikie kwangu kwanza. Sikuweza. Nimeketi mezani usiku na mchana na ule mtutu wako, nikaandika hivi, nikachana. Elewa kwamba karatasi ile imebandikwa katika vituo arobaini. Nikisema moja, wataniuliza arobaini. Watauliza ni nani mwingine aliyekosa shabaha, lini, na ikawaje. Miaka thelathini ya kazi mwanangu, na imebaki miezi minne. Nimeandika kile kilichomo kitabuni, kwamba ulikaguliwa ukaonekana unafaa. Si uongo, ndivyo kilivyoandikwa.

Ule mtutu tumeukata vipande vinne, kama sheria inavyotaka kwa chuma kilichoondolewa. Nimeuangalia ukikatwa.

Wakikuondoa kazini, njoo kwetu. Chumba chako kipo, na mjukuu wangu atapata shule nzuri huku. Damu nzito kuliko maji. Na Desemba nitafurahi nikikuona kwenye sherehe, umekaa meza ya mbele na wenye mji. Mimi nimebaki na wewe tu upande wa dada yangu.

Mjomba wako


Shambani, 24 Septemba

Fundi Mkuu,

Barua yako nimeipata. Mtoto hajambo, nami niko.

Uchunguzi umekwisha. Katibu alisoma maelezo yako mara mbili, kwa sababu meneja aliomba arudie. "Mtutu ulikaguliwa ukaonekana unafaa. Kosa linalowezekana ni la mpigaji." Mstari wa pili hukuniambia. Haukuwemo kitabuni, huo umeutunga. Fundi wa vyuma alisimama akaeleza alichokiona kwa miwani yake. Wakamuuliza, "Mtutu wenyewe uko wapi?" Akanigeukia mimi. Watu wote wakanigeukia mimi. Nikasema niliutoa kwa mkono wangu, na hiyo ndiyo kweli.

Wamenitoa kwenye ulinzi, wameniweka kwenye mashine ya kupukuchua mahindi. Bunduki amepewa yule mvivu wa mtoni, pamoja na kituo chetu. Nimeandikia vituo vingine thelathini na tisa kwamba waache mdeki wa chuma. Viwili vimenijibu. Kimoja kimeuliza mimi ni nani wa kubishana na fundi mkuu.

Najilaumu kwa jambo moja. Sikukupa mtutu kwa sababu ya sheria, wala kwa woga. Nilikupa kwa sababu uliniambia nikuamini, na tangu nikiwa na miaka saba sijajua njia nyingine ya kukujibu ukiniambia hivyo. Sherehe sitakuja, na chumba mpe mwingine. Sina hasira ya kukutukana. Nina uchungu, nao unakaa hapa kifuani nikiamka, ukinisubiri nivae.

Jana mke wa Kimya alikuja kwenye mashine. Alisubiri tuizime. Akasema, "Mume wangu alikuwa akisema wewe hukosi. Siku ile ulilenga wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole kwenye mwili wangu mwenyewe, hapa chini ya bega. Akaniamini, niliona usoni mwake. Akauliza, "Basi ni nani aliyekosea?" Nikamwambia kuna fundi mmoja mjini alijua mtutu umekufa, akanyamaza mpaka mtu akafa, halafu akaukata.

Akauliza kama namfahamu huyo mtu.

Nikamwambia simfahamu. Mume wake amekufa na mimi nimemdanganya mjane wake, kwa sababu niliona haya kumwambia kwamba ni mjomba wangu.